Kufuatilia vizazi vya familia ya wakulima wa Mayo, Ayalandi: inawezekana kuvuka nyuma ya mwaka 1864?

Mkwe wa Mayo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupekua nyaraka za Ayalandi. Mume wangu anatoka katika ukoo wa wakulima wadogo, Wakatoliki, wa baroni (yaani sehemu ya kaunti) ya Tirawley, kaskazini mwa kaunti ya Mayo. Mavyaa wangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana, amenikabidhi kazi ya kuandika nasaba ya upande wa baba yake ili wajukuu waikute ikiwa kamili. Babu yake alikuwa mkuu wa kaya katika sensa ya 1901 na ile ya 1911, ambazo nimezisoma bila malipo kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi, na shamba alilolilima hadi leo linashikwa na binamu wa familia.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwaka 1901 babu huyo ameandikwa kuwa na umri wa miaka 58, na mwaka 1911 ameandikwa kuwa na miaka 73, yaani miaka kumi imemzeesha kwa miaka kumi na mitano. Jina la ukoo katika sensa ya kwanza halina ile O' ya mwanzo, katika ya pili linayo. Tena katika kitongoji hicho hicho zipo kaya nyingine zenye jina hilo hilo la ukoo, na baba wa kaya mojawapo ana jina la kwanza sawa na la babu yetu, hata sijui nani ni ndugu wa nani. Juu ya hayo, watu kadhaa wameniambia kwamba kumbukumbu zote za kale ziliungua mjini Dublin mwaka 1922, na kwamba familia ya wakulima maskini haiwezi kufuatiliwa zaidi ya hapo nilipofika. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nielekee wapi?

Mpekuzi alijibu:

Dada Mkwe wa Mayo, nianze na hilo la mwisho, maana limewakatisha tamaa watu wengi ambao kumbukumbu zao zipo na zinasomeka. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, katika siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika majengo ya mahakama ya Four Courts mjini Dublin ililipuka na kuteketea, na kwamba humo zilipotea karibu karatasi zote za sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, wosia wa karne kadhaa, na zaidi ya nusu ya rejista za Kanisa la Kianglikana la Ayalandi, ambazo sheria ilikuwa imezileta pale kwa ajili ya usalama. Sensa nne zilizofuata hazikuungua katika moto huo. Zile za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali muda mfupi baada ya hesabu zake kukamilika, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi taka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Naliona hili kuwa la kusikitisha kuliko moto wenyewe, kwa sababu halikuwa na ulazima wowote.

Sasa angalia kile ambacho hakikuwamo ndani ya jengo hilo. Rejista za Wakatoliki zilibaki mikononi mwa mapadre, parokia kwa parokia, kwa hiyo moto haukuzifikia. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilizipiga picha za mikrofilamu katika karne iliyopita, na tangu Julai 2015 mtu yeyote anaweza kuzifungua mtandaoni bila malipo, kwa ubatizo na ndoa za hadi takriban mwaka 1880. Usajili wa kiserikali wa vizazi, vifo na ndoa kwa watu wote ulianza tarehe 1 Januari 1864 (ndoa za wasio Wakatoliki zilianza kusajiliwa mwaka 1845), nao pia umesalimika. Tovuti ya serikali ya IrishGenealogy inaonyesha kurasa zenyewe za vitabu hivyo, mradi kizazi kiwe kimepita miaka 100, ndoa miaka 75 na kifo miaka 50.

Kwa hiyo rudi kwanza kwenye karatasi ya 1911 uliyokwisha kuisoma. Sensa hiyo, tofauti na ya 1901, iliwauliza wanawake walioolewa wamekaa katika ndoa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi wakiwa hai, na wangapi bado wanaishi. Ikiwa mke wa babu huyo ameandikiwa, tuseme, miaka 42 ya ndoa, basi itafute ndoa hiyo kati ya 1867 na 1870, ukiacha nafasi ya makosa ya kukadiria. Ukiipata umepata kitu kikubwa, kwa kuwa cheti cha ndoa kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi pamoja na kazi zao, na kwa njia hiyo unapanda kizazi kizima bila kuhitaji sensa yoyote iliyopotea. Itafute katika parokia ya upande wa bibi harusi, maana huko ndiko ndoa zilikofungwa kwa kawaida, na uitazame hasa miezi ya Januari na Februari, kwa sababu watu wa vijijini walioa kwa wingi kabla ya Kwaresima kuanza. Cheti cha kifo kitakusaidia kidogo tu, kwa kuwa cha Ayalandi cha nyakati hizo hakitaji wazazi wa marehemu.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Mwanangu, Ndugu Mpekuzi amesema vema. Mimi niseme juu ya umri, jambo ambalo kila anayelinganisha sensa hizo mbili hukutana nalo.

Sheria ya pensheni ya uzeeni ilipitishwa mwaka 1908 na malipo yakaanza Januari 1909. Aliyetimiza miaka 70 na kuwa na kipato kidogo alistahili hadi shilingi tano kwa wiki, fedha ya maana sana kwa mkulima wa Mayo ambaye huenda hakuwa akishika sarafu mkononi ila baada ya kuuza mnyama. Lakini mtu wa miaka 70 mwaka 1909 alizaliwa miaka ishirini na mitano kabla ya usajili wa vizazi, hivyo hakuwa na cheti cha kuonyesha. Wengi hawakujua umri wao kwa hesabu za mwaka. Waliupima kwa matukio, na tukio lililotajwa mno lilikuwa kimbunga cha usiku wa tarehe 6 Januari 1839, kilichoezua nyumba nchini kote na ambacho Waayalandi wamekiita Usiku wa Upepo Mkubwa. Aliyeweza kusimulia kwamba aliukumbuka usiku ule alihesabiwa kuwa ametimiza umri. Kwa hiyo umri wa 1901 mara nyingi ni makisio ya mtu asiyekuwa na sababu ya kujali, na umri wa 1911 ni ule uliokwisha kutetewa mbele ya ofisa wa pensheni. Usidhani haraka kwamba babu yenu alidanganya, kwani inawezekana kabisa kwamba ule wa 1901 ndio uliopunguzwa.

Na hapa ndipo bahati yako inapoweza kuwa kubwa. Kwa kuwa hapakuwa na vyeti, waombaji waliomba sensa za 1841 na 1851 zipekuliwe, ambazo wakati huo zilikuwa bado salama Dublin. Mwombaji alijaza fomu akitaja majina ya baba yake na mama yake, pamoja na kitongoji, parokia, baroni na kaunti walikoishi alipokuwa mtoto, kisha karani akatafuta na kuandika alichokiona. Sensa zikaungua baadaye, lakini fomu hizo zimebaki kwa maelfu, nazo zimewekwa mtandaoni na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Nyingine zimeandikwa tu kwamba familia haikuonekana. Hata hizo usizidharau, kwa sababu mwombaji mwenyewe amekwisha kukutajia wazazi wake kwa kauli yake.

Ukiipata fomu ya babu huyo, au ya ndugu yake yeyote aliyefikia uzee, utakuwa umesimama katika miaka ya Njaa Kuu yenyewe, ile iliyoipiga Ayalandi kuanzia 1845. Tafadhali soma sehemu hiyo kwa moyo wa utulivu. Kaunti ya Mayo ilihesabu watu karibu 389,000 mwaka 1841, na mwaka 1851 walibaki karibu 274,000. Ukiona katika fomu kwamba karani alikuta watoto sita mwaka 1841 na wawili mwaka 1851, usiwaandike wengine kuwa ni majina yaliyokosewa. Waandike kama watu waliokuwapo.

Mkwe wa Mayo aliandika tena:

Shikamoo Mwalimu, na ahsante sana Ndugu Mpekuzi. Nimeipata ndoa kama mlivyonielekeza. Ilifungwa Februari 1869, na baba wa bwana harusi ametajwa kwa jina, mkulima. Nimefungua pia rejista ya ubatizo ya parokia, nami nimekuta watoto wawili wa kiume wenye jina moja la kwanza na ukoo mmoja, waliobatizwa katika kitongoji kimoja wakipishana mwaka na miezi kadhaa. Kwa masikitiko, baba zao nao wana jina moja. Mama zao ndio wanaotofautiana. Nitamjuaje babu yetu ni yupi kati ya hao wawili? Fomu ya pensheni bado sijaiona.

Mfuata Ardhi alijibu:

Dada, ukifika hapo acha kufuata jina ufuate ardhi. Huo ndio ushauri wangu wote, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu watafiti wengi wa familia za mashambani hukimbilia majina, ambayo katika Mayo yanajirudia mno, wakaliacha shamba ambalo liko moja tu.

Ayalandi nzima imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000 vyenye mipaka iliyopimwa na kuchorwa kwenye ramani za miaka ya 1830 na 1840. Kimoja kinaweza kuwa na kaya thelathini, kingine kikawa mlima mtupu usio na mtu. Kitongoji ndiyo anwani ya mkulima katika ubatizo, katika kodi, katika sensa na mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi. Wewe unakijua chenu kwa uhakika, kwa sababu binamu bado wanakaa hapo. Wapo wajukuu wa wahamiaji wa Marekani ambao wametafuta jina la kitongoji maisha yao yote wasilipate.

Anza na Uthamini wa Griffith, ule uliosimamiwa na Richard Griffith na kuchapishwa kati ya 1847 na 1864, ambao kwa Mayo ulifanyika katikati ya miaka ya 1850. Unataja kila mshika ardhi, aliyempangisha, ukubwa wa ardhi na thamani iliyokadiriwa, na kila shamba lina namba inayolingana na namba iliyoandikwa kwenye ramani. Pale ambapo watu wawili katika kitongoji kimoja walikuwa na jina moja, wathamini waliongeza kitambulisho mbele ya jina: jina la baba, rangi ya nywele, au neno la kumtofautisha mkubwa na mdogo. Kama baba zako wawili wamo, kuna uwezekano mzuri kwamba vitambulisho hivyo vimo. Utaona pia majina kadhaa yamefungwa pamoja chini ya namba moja, wakichangia ardhi. Huo ulikuwa utaratibu wa kale wa magharibi, ambao jamaa walipanga shamba kwa pamoja na kugawana vipande vilivyotawanyika ili kila mmoja apate sehemu ya udongo mzuri na ya udongo mbaya. Watu walioungana hivyo mara nyingi walikuwa ndugu wa damu au wakwe, ingawa orodha yenyewe haisemi hivyo.

Baada ya Griffith, kazi haikusimama. Ofisi ya Uthamini, ambayo tangu 2023 imo ndani ya taasisi iitwayo Tailte Éireann, iliendelea kuvirekebisha vitabu hivyo: mshika ardhi alipobadilika, jina la zamani lilikatwa kwa mstari na jipya likaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, pembeni ukatiwa mwaka. Vitabu hivyo vya marekebisho ndivyo vitakavyojibu swali lako. Chukua shamba la binamu zenu wa leo, tafuta namba yake, kisha rudi nyuma rangi kwa rangi. Utaona muhuri wa ununuzi katika miaka ambayo wapangaji waliwezeshwa na sheria, hasa ile ya 1903, kuyanunua mashamba yao kutoka kwa makabaila. Nyuma yake utaona jina la babu yenu, na nyuma ya hilo jina la baba yake au la mjane wake. Mwaka wa mabadiliko mara nyingi uko karibu na mwaka wa kifo au wa ndoa ya mrithi, kwa sababu mwana mmoja tu ndiye aliyerithi shamba, na wazee walilikabidhi alipooa. Kama jina la mjane limeandikwa kati ya baba na mwana, tatizo lako limekwisha: linganisha jina lake na wale mama wawili wa kwenye rejista ya ubatizo. Nakushauri upate nakala ya kitabu cha kitongoji hicho kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Kuhusu ile O', isikusumbue. Familia nyingi ziliiacha wakati wa utawala wa Kiingereza na kuirudisha mwishoni mwa karne ya 19, pale fahari ya lugha na utamaduni wa Kiayalandi ilipoamka na Jumuiya ya Kigaeli ikaundwa mwaka 1893. Tafuta kwa namna zote mbili, na katika rejista za Kilatini zoea kumkuta Jacobus kwa James, Gulielmus kwa William na Brigida kwa Bridget.

Mpekuzi alijibu tena:

Nakubaliana na Mfuata Ardhi, nami naongeza ushahidi wa pili usiogharimu chochote. Waayalandi wengi wa vijijini waliwapa watoto majina kwa utaratibu: mwana wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, binti wa kwanza bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Waorodheshe watoto wa babu yenu wote kutoka kwenye ubatizo, pamoja na wale waliokufa wachanga, ambao sensa ya 1911 itakuwa imewahesabu bila kuwataja. Jina la binti wa pili likilingana na mmoja wa wale mama wawili, kisia kwamba huyo ndiye bibi yake. Waangalie pia wasimamizi wa ubatizo, kwa kuwa kwa kawaida walikuwa kaka na dada za wazazi.

Mwalimu Mstaafu alijibu tena:

Hapo Ndugu Mpekuzi naomba tukaze kidogo. Utaratibu wa majina ni dalili, hauwi ushahidi unaojitosheleza. Mtoto alipokufa, jina lake lilipewa aliyefuata, na wakati mwingine jina la mtakatifu wa siku au la shangazi aliyetuma nauli kutoka Marekani lilivuruga mpangilio wote. Nimeona nasaba ndefu mtandaoni zilizojengwa kwa jina na makisio tu, kisha zikanakiliwa na watu mamia, mpaka zikaonekana kama ukweli kwa sababu ya wingi wake. Mwanangu, kila unapoandika kiungo, andika pembeni yake kimetoka kwenye waraka gani, na kama ni kisio useme ni kisio. Wajukuu wa mavyaa wako watakuja kulisahihisha wenyewe ikiwa umewaachia njia.

Ukishampata baba wa bwana harusi wa 1869 kwa uhakika, hatua ya mwisho ya maana ni Vitabu vya Zaka vya 1823 hadi 1837, vilivyoorodhesha walioshika ardhi ya kulipia zaka ya kanisa la serikali, hata kama wao walikuwa Wakatoliki. Navyo viko mtandaoni bila malipo. Havimtaji kibarua asiyekuwa na ardhi, na havitaji mke wala mtoto. Ukilikuta jina la ukoo katika kitongoji kile kile, umeonyesha kwamba familia ilikuwapo hapo kabla ya Njaa Kuu, ingawa hujathibitisha kwamba aliyetajwa ni baba wa huyo unayemjua. Rejista nyingi za parokia za magharibi huanza katika miaka ya 1820 au baadaye, na nyuma ya hapo hati za makabaila zinaweza kuwa na orodha za wapangaji, kama familia ya kabaila ilizihifadhi. Jina la kabaila umelipata tayari kwenye Griffith.

Jambo moja linahitaji kufanywa mapema kuliko yote haya. Nyaraka zitasubiri, lakini mavyaa wako hatasubiri. Mkalishe, mwulize familia ile nyingine yenye jina lenu iliitwaje na majirani, kwa kuwa katika sehemu hizo watu wenye jina moja walitofautishwa kwa lakabu iliyobeba jina la baba na la babu kwa mfululizo. Lakabu ya namna hiyo ina vizazi vitatu ndani yake. Soma naye pia Mkusanyo wa Shule wa 1937 hadi 1939, ambao wanafunzi wa shule za msingi waliandika masimulizi ya wazee wa vijiji vyao. Umepangwa kwa kaunti na shule kwenye tovuti ya Dúchas, kwa hiyo anza na shule iliyo jirani na kitongoji chenu.

Mkwe wa Mayo aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nilimpigia mavyaa simu jana jioni. Kabla hata sijamaliza swali alinitajia lakabu ya kaya ya pili, nayo inaanza na jina la mmoja wa wale mama wawili, lile la mtoto aliyebatizwa wa pili. Ikiwa ni sahihi, babu yetu ni yule wa kwanza, na umri wake wa 1911 unakaribia kabisa tarehe ya ubatizo. Nimeliandika kama kisio, Mwalimu, huku nikisubiri nakala ya kitabu cha marekebisho kutoka Dublin.